Jinsi ya kulinganisha shule za msingi za serikali jijini Dodoma kabla ya kuandikisha mtoto

Oktoba ikiingia, matangazo ya kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza hubandikwa kwenye mageti ya shule na kwenye ofisi za mitaa. Wazazi wengi huamua kwa kusikia tu: ile inafaulisha, ile imejaa, ile ya mjini kati ndiyo shule. Ubaya wa sifa ni kwamba hubaki palepale hata walimu walioileta wakishahamishwa. Na Dodoma haijatulia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Shule ya pembezoni iliyosifiwa kabla ya serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016, leo inaweza kuwa na mikondo minne ya darasa la kwanza katika vyumba vilevile.

Msimamo wetu ni huu: shule ya msingi ipimwe kwanza kwa darasa la kwanza na la pili, halafu ndipo utazame la saba. Mtoto anayefika darasa la tatu bila kusoma vizuri hukutana na masomo mapya kwa mpigo, na yote yanamtaka asome ndipo aelewe. Hapo ndipo anapoanza kuachwa nyuma, na kambi ya miezi mitatu ya darasa la saba hairudishi miaka minne iliyopotea.

Fanya kazi hii kati ya Julai na Septemba mwanzoni. Ratiba huwa ya kawaida, darasa la pili limeshakwenda mbali kiasi cha kupimika, na uandikishaji haujaanza. Juni na Desemba ni likizo. Septemba shule hukamatwa na mtihani wa darasa la saba, na baada yake upimaji wa darasa la nne. Ukifika wakati huo utaona shule iliyobanwa na hutajua siku zake za kawaida zilivyo. Kumbuka pia kwamba shule za msingi za serikali zina darasa la awali, na mtoto aliyesoma awali hapo kwa kawaida huendelea hapohapo darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Kwa hiyo anayeamua kwa makini huamua mtoto akiwa na miaka minne na nusu, siyo sita.

Anza kwa miguu

Orodhesha shule tatu au nne tu ambazo mtoto anaweza kuzifikia. Mtoto wa miaka sita hutumia dakika 15 hadi 20 kwa kilomita moja, na zaidi ya kilomita mbili ni safari ya kila siku itakayomchosha kabla ya kipindi cha kwanza. Usipime kwa gari wala kwa ramani ya simu. Tembea na mtoto mwenyewe, saa moja kasorobo asubuhi, siku ya kazi.

Njiani tazama mambo mawili. La kwanza ni barabara kuu. Barabara za Dar es Salaam, Arusha, Singida na Iringa zinaligawa jiji, na shule iliyo mita 600 kutoka nyumbani ikiwa ng'ambo ya mojawapo inaweza kuwa ya hatari kuliko iliyo kilomita moja na nusu upande wako. Angalia kama kuna kivuko chenye alama, na kama asubuhi kuna mtu mzima anayewavusha watoto. La pili ni korongo. Julai utaona mchanga mkavu ambao watoto wanaukatiza wakicheza; Januari hadi Machi hapohapo maji hushuka ghafla, hata mvua ikiwa imenyesha mlimani na siyo kwenu. Waulize majirani: mvua kubwa ikinyesha mchana, watoto hurudije? Jibu la kwamba husubiri hadi maji yapungue si baya, mradi shuleni kuna mwalimu anayebaki nao.

Shule ya mbali kwa daladala isikuvutie haraka. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kwa sababu hiyohiyo makondakta wengi huwaacha wanafunzi kituoni asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kugombania mlango. Ukilazimika kulipia bajaji au bodaboda kila siku, piga hesabu kwa siku 194 za masomo ambazo shule hufundisha kwa mwaka: shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi ni 388,000. Fedha hiyo ingenunua vitabu vya hadithi vya kutosha nyumba nzima.

Kama shule ya karibu ni shule shikizi, yaani tawi dogo lililo chini ya shule nyingine iitwayo shule mama, uliza inaishia darasa la ngapi na shule mama iko wapi. Shule shikizi nyingi huwa na madarasa ya chini tu, hivyo mtoto atahamia shule mama baada ya miaka miwili au mitatu. Hilo si kosa. Pengine darasa la watoto 40 karibu na nyumbani ndilo linalomfaa wakati wa kujifunza kusoma. Ila shule mama nayo uilinganishe sasa hivi.

Soma matokeo ya NECTA ukiwa na kalamu

Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Chagua mtihani wa darasa la saba (PSLE), mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Namba za shule za mkoa wa Dodoma huanza na PS03. Iandike namba kamili, kwa sababu majina hufanana kati ya halmashauri, na waliojenga mashariki ya jiji karibu na mpaka wa Chamwino hujikuta wakisoma matokeo ya shule isiyo yao.

Masomo ya mtihani ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Jumla ya 241 hadi 300 ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, 61 hadi 120 ni D, na 60 kushuka ni E. Aliyefaulu ni mwenye A, B au C. Kwa hiyo shule ikitangaza kwamba watoto wake wote wamefaulu, inawezekana kabisa wengi wao wana alama 125. Wastani wa shule ndio unaokuambia zaidi, na tangu NECTA ilipoacha kutangaza shule bora na za mwisho, wazazi wanaojua kuusoma wenyewe ndio wanaofaidika.

Chukua miaka mitatu mfululizo, siyo mmoja. Shule yenye watahiniwa 25 inaweza kupanda alama 30 mwaka mmoja kwa sababu ya watoto watano wenye akili ya darasani waliokutana pamoja, na mwaka unaofuata ikashuka bila mwalimu yeyote kubadilika. Shule yenye watahiniwa 180 haiyumbi hivyo. Ikipanda au kushuka, kuna jambo la kweli lililotokea na unaweza kuuliza ni lipi.

Sasa hesabu ambayo wazazi wachache huifanya. Fungua matokeo ya upimaji wa darasa la nne (SFNA) ya miaka mitatu kabla ya mtihani wa darasa la saba unaoutazama. Watoto ni walewale: waliokuwa la nne 2022 ndio waliokuwa la saba 2025. Tuseme shule moja ina wastani wa 212 na watahiniwa 38, na ya pili ina wastani wa 188 na watahiniwa 164. Kwa haraka ya kwanza imeshinda. Ukirudi darasa la nne unakuta ya kwanza ilikuwa na watoto 71 na ya pili 172. Ya kwanza imefikisha asilimia 54 ya watoto wake, ya pili asilimia 95. Wale 33 wa shule ya kwanza wako wapi? Huenda wengine walirudia darasa, wengine walihama na wazazi, wengine waliacha. Huenda pia shule mpya ilijengwa jirani na kuwachukua. Miaka ya karibuni shule kadhaa zimejengwa kwa BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, na shule mama zikagawanywa, na mgawanyo huo haumaanishi kosa lolote. Uliza tu. Mwalimu mkuu anayejua watoto wake walikoenda atakujibu papo hapo.

Baada ya hapo shuka kwenye masomo. Usitazame Kiswahili, kwa sababu shule nyingi hufanya vizuri hapo na somo hilo huinua jumla. Tazama Hisabati na Kiingereza. Shule mbili zenye wastani sawa wa 185 zinaweza kutofautiana sana: moja ina Hisabati ya C kwa wengi, nyingine ina nusu ya watoto wenye D na E wakibebwa na masomo ya kukariri. Mtoto atakapoingia sekondari, ambako kufundishwa ni kwa Kiingereza, pengo hilo ndilo litakalomkuta. Tazama vilevile mgawanyo wa wasichana na wavulana. Wasichana wakiwa wengi darasa la nne na wachache la saba, hilo ni swali la kumuuliza Afisa Elimu Kata, siyo la kulinyamazia.

Kuna jambo moja la wakati huu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mtoto unayemwandikisha sasa ataishia darasa la sita, kwa masomo yaliyopangwa upya. Matokeo ya darasa la saba yanakuonyesha uwezo wa walimu na uongozi, basi. Usiyachukue kama utabiri wa mtoto wako. Kwa upande wa nafasi, kuanzia 2028 shule zitakuwa na darasa moja pungufu. Uliza uongozi umepanga kutumiaje vyumba hivyo. Wapo watakaovipa darasa la kwanza, na hao ndio wanaofikiri vizuri.

Hesabu tatu za kufanya ukiwa ofisini kwa mwalimu mkuu

Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi, saa tatu hivi. Pita ofisini kwanza, saini kitabu cha wageni, jitambulishe kuwa ni mzazi unayetafuta nafasi. Usizunguke madarasani bila ruhusa wala usipige picha watoto. Ukishapokelewa, omba takwimu nne: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, idadi ya walimu na ikama yao (idadi inayotakiwa), vyumba vinavyotumika, na matundu ya vyoo kwa jinsia. Shule nyingi zimeziandika ukutani kwa kalamu ya wino mzito, kwa hiyo mara nyingine huhitaji hata kuuliza.

Hesabu ya kwanza ni walimu. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mmoja kwa 25 darasa la awali. Ila ukigawanya tu wanafunzi wote kwa walimu wote utadanganyika. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 20 inaonekana iko sawasawa kwenye kiwango. Lakini walimu wengi hufundisha masomo madarasa ya juu, wakipishana vipindi, na darasa la kwanza lenye watoto 190 likaachiwa walimu wawili: mmoja kwa watoto 95. Kwa hiyo uliza hivi: darasa la kwanza na la pili wana walimu wangapi, na wamekaa na madarasa hayo kwa muda gani? Shule inayompa darasa la kwanza mwalimu wake mzoefu kuliko wote imeshakueleza inachokithamini. Ikiwa darasa hilo amepewa anayejitolea au aliyefika juzi, huku wazoefu wote wakiwa la saba, matokeo yatapendeza kwenye tovuti na mtoto wako atahangaika na silabi.

Hesabu ya pili ni vyumba. Gawanya wanafunzi kwa vyumba vinavyotumika kufundishia. Shule za mjini kati mara nyingi zina walimu wa kutosha na vyumba vichache. Za pembezoni huwa kinyume. Vyumba vikipungua, shule huenda zamu mbili, na zamu ya mchana kwa watoto wadogo ni ngumu: Oktoba na Novemba bati hupata moto, watoto husinzia. Uliza zamu hubadilishwa kila wiki au kila mwezi, na watoto wa zamu ya mchana hufika nyumbani saa ngapi. Dawati moja la watoto watatu linakubalika. Wakiwa wanne, wa pembeni huandika akiwa ameinama upande, na mwandiko wake utakuonyesha hivyo. Wengine wakikaa chini, tazama kama ni wa darasa la kwanza. Mara nyingi ndio.

Hesabu ya tatu ni vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 450 inahitaji matundu 23. Ikiwa na manane, ni wasichana 56 kwa tundu, na katika mapumziko ya dakika 30 kila mmoja anabakiwa na nusu dakika. Wadogo husukumwa nyuma, kisha hujisaidia nguoni au hukataa kwenda shule bila kusema sababu. Hesabu matundu yanayofanya kazi tu, yale yenye milango. Kwa mtoto wa kike uliza pia kama kuna chumba cha kujihifadhi chenye maji. Darasa la tano halipo mbali.

Daftari husema kuliko ofisi

Omba kuonyeshwa madaftari matatu ya darasa la pili ya somo la kuandika au hisabati: la mtoto anayefanya vizuri, la wa katikati na la anayehangaika. Tazama tarehe. Katika wiki nne zilizopita kuna kazi ngapi, na ngapi zimesahihishwa? Kazi tatu au nne zilizosahihishwa kwa wiki katika darasa la watoto 80 ni juhudi kubwa ya kuheshimiwa. Wiki mbili nzima bila alama nyekundu ni dalili kwamba mwalimu amezidiwa au hayupo. Kisha tazama daftari la anayehangaika: je, kuna masahihisho aliyoyarudia? Vema tu kila mahali huku majibu yana makosa maana yake daftari limesahihishwa bila kusomwa.

Njia ya uhakika zaidi iko mtaani kwenu. Kwa ruhusa ya wazazi wao, tafuta watoto watano wa darasa la pili au la tatu wanaosoma kila shule unayoilinganisha. Mpe kila mmoja kitabu chake mwenyewe cha kiada, chagua aya ambayo hajaikariri, mwambie asome kwa dakika moja, kisha muulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Anayesoma maneno 50 au zaidi na kujibu yuko vizuri kwa mwisho wa darasa la pili. Anayetaja silabi moja moja bila kuunganisha bado hajaanza kusoma kwa maana. Usitishike na mtoto mmoja. Ukikuta wanne kati ya watano wa shule moja wanaunganisha maneno, na mmoja kati ya watano wa nyingine, umeshapata jambo ambalo hakuna tovuti itakayokuambia. Fanya kwa upole, kama mchezo, na usimlinganishe mtoto na mwenzake mbele yao.

Ukiwa shuleni tazama pia ukuta wa darasa la kwanza. Kadi za herufi, picha na vihesabio vya vizibo vya soda vilivyochakaa kwa kushikwa ni ishara nzuri. Chati mpya kabisa zisizo na vumbi, katika mji wenye upepo kama huu wa Dodoma, zimetundikwa kwa ajili ya mgeni.

Mahudhurio yasomwe kwenye daftari la mahudhurio, siyo kwa maneno. Omba uone Machi na Aprili au Mei ya mwaka huohuo. Katika kata za pembezoni zinazolima mtama na uwele, watoto hutumwa kuamia ndege nafaka inapokomaa, na darasa la watoto 60 hubaki na 35. Shule nzuri huko huwa imekubaliana na wazazi na serikali ya mtaa namna ya kulizuia hilo, na mwalimu mkuu ataweza kukueleza makubaliano yenyewe.

Fedha, chakula na maji

Shule za serikali hazitozi ada, na tangu Januari 2016 serikali hupeleka ruzuku moja kwa moja. Kiwango kilichopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 huingia shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 800 hupata basi shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na michezo. Tukijua hivyo tutaacha kumshangaa mwalimu mkuu anapoitisha kikao cha michango.

Kinachotofautisha shule ni uwazi. Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kubandikwa ubaoni. Soma tarehe yake. Uliza michango yote ya mwaka uliopita kwa jina na kiasi: chakula, mlinzi, masomo ya ziada, mitihani ya majaribio, kambi. Jumlisha kwa mwaka mzima, kwa sababu shilingi 500 za kila Jumamosi hazionekani mpaka uzizidishe kwa wiki 38: ni 19,000. Kisha uliza mchango uliamuliwa kwenye kikao gani cha wazazi na risiti hutolewaje. Mchango ni wa hiari na wa makubaliano, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Wajumbe wa kamati ya shule wanaotoka mtaani kwako watakueleza kama ndivyo inavyofanyika.

Kambi za darasa la nne na la saba zinahitaji neno lake. Zipo zinazosaidia kweli, hasa kwa watoto ambao nyumbani hawana taa wala meza. Zipo pia ambazo walimu wote bora huhamishiwa huko kuanzia Mei, na madarasa ya chini yakabaki na mwalimu wa zamu. Uliza: wakati wa kambi nani hufundisha darasa la kwanza?

Chakula ni sehemu ya taaluma, hasa Januari hadi Machi, miezi ambayo maghala ya wengi hapa kati yamepungua. Shule inayopika hata uji wa saa nne huwa na watoto wanaosikiliza vipindi vya mwisho. Uliza mpango ni wa watoto wote au wa waliochangia tu, kila mzazi hutoa debe ngapi za mahindi na kiasi gani cha maharage, na nafaka huhifadhiwa wapi. Tazama jiko na stoo kwa macho yako. Jiko lenye majivu baridi saa nne asubuhi limeshajibu.

Maji: fungua bomba. Shule kuwa na bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, hakumaanishi maji yapo siku zote. Uliza yanatoka siku zipi, tanki lina lita ngapi, na siku yasipotoka watoto huambiwa waje na dumu kutoka nyumbani au la. Mtoto wa miaka sita na dumu la lita tano kilomita moja na nusu ni jambo la kulihesabu.

Mchepuo wa Kiingereza na mahitaji maalumu

Zipo shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Hizi hutoza michango iliyoidhinishwa, huwa na nafasi chache na mara nyingi hufanya usaili. Usizilinganishe na za Kiswahili kwa wastani wa NECTA, kwa sababu zinachagua watoto na darasa lao ni dogo. Zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, na ujiulize kama nyumbani kuna atakayemsaidia mtoto kazi za Kiingereza.

Kama mtoto ana shida ya kuona, kusikia au kujifunza, pita kwanza kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri akuonyeshe shule zenye kitengo na walimu waliosomea. Nje kidogo ya jiji, Chamwino, ipo shule ya wasioona ya Buigiri. Kwa mtoto huyu mwalimu aliyesomea ni bora kuliko umbali mfupi.

Kuamua na kuandikisha

Weka shule zako kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kila shule na safu yake, na mistari kwa utaratibu huu wa uzito: usalama wa njia, watoto kwa mwalimu darasa la kwanza na la pili, waliosoma kati ya watano, kazi zilizosahihishwa, asilimia iliyofika la saba, Hisabati na Kiingereza, vyoo, maji na chakula, michango ya mwaka. Usijumlishe alama ukapata namba moja. Njia isiyo salama haifidiwi na wastani wa 220. Shule ikishindwa mistari mitatu ya mwanzo, iondoe hata kama ina jina.

Shule mbili zikibaki sawa, mtafute Afisa Elimu Kata. Hawezi kukuambia ipi mbaya, wala usimlazimishe. Muulize ni ipi inatarajia walimu au vyumba vipya mwakani, na ni mwalimu mkuu yupi yuko karibu kustaafu. Shule hubadilika sana mwalimu mkuu anapobadilika, kwa heri au kwa shari, na mwaka mmoja wa mpito unatosha kuvuruga darasa la kwanza.

Andikisha wiki za kwanza za Oktoba. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama hakijatoka, usikae nyumbani ukisubiri, nenda na kadi ya kliniki huku ukifuatilia RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa. Shule zilizojaa hutanguliza watoto wa eneo lao, na baadhi huomba barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo ichukue mapema.

Kwa anayehamisha mtoto kutoka mkoa mwingine, jambo linaloharibika mara kwa mara ni hili: barua ya uhamisho imegongwa mihuri yote, mtoto ameshakaa darasani, ila kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, bado ni wa shule ya zamani. Hakuna anayegundua hadi usajili wa darasa la nne au la saba unapofika, na mwalimu wa kule alikotoka ameshabadilisha namba ya simu. Kabla ya kuondoka shule ya zamani, chukua namba ya PREM ya mtoto, na baada ya wiki mbili mwombe mwalimu wa taaluma wa shule mpya akuonyeshe jina la mtoto kwenye orodha yake.

Mtoto akishaanza, fungua daftari lake kila Ijumaa kwa wiki sita. Hesabu kazi na masahihisho kama ulivyofanya ulipotembelea. Wiki ya tatu ikipita bila kazi yoyote iliyosahihishwa, mwone mwalimu wa darasa kwanza, peke yenu, na daftari mkononi.